Mizani ya Kujipimia

Bibi yangu wa Songwa alikuwa na macho mekundu. Maisha yake yote alipikia mavi makavu ya ng'ombe, kwa sababu kuni zilikuwa mbali, na jiko lake lilikuwa ndani ya nyumba ya nyasi isiyo na dirisha. Moshi wa mavi ya ng'ombe ni mzito na hauondoki upesi. Kila alipoinama kupuliza moto alitoka humo akifuta machozi kwa pindo la kanga, na mwaka hadi mwaka wekundu ule ulikolea mpaka ikawa hakuna kati yetu aliyeijua rangi ya kwanza ya macho yake.

Akienda msibani kijiji cha pili, alijitanda kanga ikashuka mpaka kwenye nyusi. Utotoni nilidhani ni heshima ya kizee. Mama aliniambia ukweli nilipokuwa mkubwa: bibi alikuwa akificha macho. Usukumani, bikizee mwenye macho mekundu alikuwa ameshapewa jina kabla hajafungua kinywa. Aliitwa mchawi, na kwa jina hilo wanawake wengi wa rika lake, Shinyanga, Mwanza na upande wa Geita, walikatwa mapanga usiku wakiwa vitandani mwao. Bibi alikufa mchana, kwa maradhi, wanawe wakiwa wamemzunguka. Msibani kwake nilimsikia mzee mmoja akisema tumshukuru Mungu, mama huyu amekufa kifo chake. Miaka mingi baadaye neno hilo lingali linanichoma. Ni nchi ya namna gani ambamo kufa kwa ugonjwa ni jambo la kupongezana?

Nimezaliwa kwenye ardhi inayojua kupima. Songwa iko Kishapu, jirani na Mwadui, mahali ambapo mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aliuona mwamba wa almasi aliokuwa akiutafuta kwa miaka. Mwaka 1947 hapo ilitoka almasi ya waridi ya karati 54.5, Williamson akamtunza Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza katika harusi yake, nayo ilipochongwa ikabaki na karati 23.6. Kizazi baada ya kizazi, katika mji wa Maganzo kando ya barabara kuu, madalali wameketi na mizani ndogo, wakilipima jiwe hata sehemu ya mia ya karati. Na upande wa magharibi, Kahama mpaka Geita, dhahabu nayo inapimwa kwa gramu na pointi zake. Sikuona utotoni mwangu mizani ya mtu. Nimeitafuta ukubwani, katika vitabu na katika vinywa vya watu, na ninachotaka kusema hapa ni kile nilichokiona huko.

Kiswahili kina maneno mawili mahali ambapo lugha nyingi zina moja. Tuna ubinadamu, tuna utu. Katika maongezi tunayachanganya, na mtu katili huambiwa hana ubinadamu kama anavyoambiwa hana utu. Lakini shina la maneno haya halikuota mahali pamoja. Binadamu ni bin Adam, mwana wa Adamu. Neno hilo lilikuja na dini na bahari, na linaeleza ukoo: ukishazaliwa na mtu umeshaingia, hakuna mtihani wa kufanya, hakuna ada. Utu ni neno la bara na pwani kwa pamoja, lenye mzizi uliosambaa Afrika nzima ya Kibantu. Wasukuma tunasema munhu, banhu, bunhu, kama Waswahili wanavyosema mtu, watu, utu, na ndugu zetu wa kusini kabisa wanasema ubuntu. Neno hilo linaeleza mwenendo. Mtu huzaliwa mtu, kisha anatakiwa awe mtu. Ndiyo maana mama anaweza kumwambia mwanawe, "Mwanangu, uwe mtu," na mtoto akaelewa bila kuuliza kwani sasa hivi yeye ni nini.

Ahmad Nassir wa Mombasa alitunga utenzi mzima juu ya jambo hili na kuuita Mtu ni Utu. Shaaban Robert alipotaka kumchora mtu anayestahili kuitwa mtu alimpa jina la Utubora, akamtoa katika kazi ya mjini akamrudisha shambani kushika jembe. Katika mapokeo haya utu unaonekana mikononi: unavyompokea mgeni, unavyolipa deni, unavyozika jirani ambaye hamkuwa mnapatana. Ni fundisho zuri, nami nimelelewa nalo. Lakini lina ufa, na kupitia ufa huo panga liliingia katika nyumba za bibi zetu.

Ufa wenyewe ni huu. Ikiwa utu hupatikana kwa mwenendo, basi unaweza kupotea kwa mwenendo. Na ukiweza kupotea, lazima awepo wa kusema fulani ameupoteza. Kijiji kinaanza kwa kusema "yule hana utu," kinafika kwenye "yule si mtu," na hapo mkono unakuwa mwepesi. Waliowaua vikongwe hawakujiona maadui wa jamii. Wengi waliamini wanailinda. Mtoto amekufa, ng'ombe wamekufa, mvua imekataa, na mtu mmoja aliyewekwa nje ya uzio wa watu anabebeshwa yote.

Sungusungu nao ni ushahidi. Vikundi hivi vilizuka Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi wakijilinda wenyewe dhidi ya wezi wa ng'ombe na majambazi pale ambapo dola ilikuwa mbali. Walikimbia usiku kwa filimbi na upinde kumwokoa jirani mwenye boma lililovamiwa, tena bila mshahara. Huo ni utu, na sitakubali mtu aubeze. Lakini katika miaka ileile mikono ileile iliwageukia pia walioitwa wachawi, na wengi wao walikuwa wanawake wazee. Mshikamano uliompa mmoja usalama ulimnyima mwingine hata haki ya kujieleza.

Nilipokwenda kusoma habari za falsafa ya utu ya Ulaya nilitarajia kukuta dawa ya ufa wetu. Nilikuta ufa mwingine. Wanahistoria wengi huanza na Francesco Petrarca, mshairi wa Italia wa karne ya 14, na wanazuoni waliomfuata wakirudi kwenye maandiko ya kale ya Kigiriki na Kilatini ili mtu aelimike, aseme vizuri, aishi vizuri. Kati ya waandishi hao wa kale waliorudiwa alikuwamo Terentius, mtunga tamthilia wa karne ya 2 kabla ya Kristo, ambaye kwa mapokeo alizaliwa Afrika Kaskazini akapelekwa Roma akiwa mtumwa. Ni yeye aliyemfanya mhusika wake aseme kwamba kwa kuwa ni mtu, hakuna la mtu mwingine lisilomhusu. Inanigusa kwamba kauli iliyogeuka kuwa kama bendera ya falsafa hiyo ilitungwa na Mwafrika aliyewahi kumilikiwa.

Mwaka 1486 kijana Pico della Mirandola aliandika hotuba ya kusifu hadhi ya mtu: kwamba viumbe wengine wamepangiwa umbo lao, lakini mtu ameachiwa ajifinyange mwenyewe. Miaka 19 baadaye, mwaka 1505, merikebu za Wareno chini ya Francisco de Almeida zilitia nanga Kilwa, zikauteka mji na kuupora, kisha zikaenda kuichoma Mombasa. Sifa za mtu na moto wa Mombasa vilitoka katika Ulaya ileile, karibu katika kizazi kilekile. Na mwaka 1550, Valladolid nchini Uhispania, wasomi waliitwa kujadili vita dhidi ya wenyeji wa Amerika. Padre Bartolomé de las Casas aliwatetea. Aliyesimama upande wa pili, Juan Ginés de Sepúlveda, alikuwa bingwa wa elimu hiyohiyo ya utu, mfasiri wa Aristotle, naye aliitumia elimu yake kuthibitisha kwamba watu wale kwa maumbile yao walifaa kutawaliwa. Hakukosa vitabu. Alikuwa na mizani, akaitumia kuwapima wengine, akawaona wepesi.

Karne 4 baadaye Aimé Césaire wa Martinique na mwanafunzi wake Frantz Fanon waliiuliza Ulaya swali ambalo kijiji changu nacho kinapaswa kuulizwa: huyo mtu mnayemsifu kila siku ni nani hasa, na ni nani mliyemwacha nje?

Hata hivyo sikurudi mikono mitupu. Ipo aina ya falsafa ya utu inayosimama juu ya akili na ushahidi. Wafuasi wake waliandika ilani yao ya kwanza Marekani mwaka 1933, na mwaka 1952 wakaunda umoja wao wa kimataifa Amsterdam. Wanasema mtu atafute chanzo cha taabu yake duniani hapahapa, kwa uchunguzi, na dawa yake aitafute hapahapa. Mimi ni mtu wa kusali, na sikubaliani nao kwamba mbingu ni tupu. Lakini nimeyapima macho ya bibi kwa kanuni yao nikaona huruma ndani yake. Kwa nini macho yalikuwa mekundu? Moshi. Kwa nini moshi ule? Mavi ya ng'ombe. Kwa nini mavi ya ng'ombe? Kwa sababu miti iliisha. Iliisha kwa nini? Enzi ya ukoloni mapori ya Shinyanga yalifyekwa ili kufukuza mbung'o, kisha yakaja mashamba ya pamba, kisha mifugo ikazidi ardhi. Nyuma ya jina la mchawi palikuwa na historia nzima ya msitu.

Na jibu likapatikana kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi tunaujua kwa jina la HASHI. Wataalamu wake walifanya jambo ambalo wataalamu hawalifanyi mara nyingi: waliwauliza wazee. Wazee wakawaambia juu ya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho kipindi cha masika ili majani yasitirike kwa ajili ya kiangazi. Ndani ya ngitili miti huota upya yenyewe. Mradi ulipoanza ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Baada ya miaka kama 15 zilipita hekta 300,000. Kila ukuni uliotoka humo umepunguza moshi katika macho ya mwanamke fulani. Ngitili ni hifadhi ya miti, na kwangu mimi ni hifadhi ya vikongwe pia.

Lakini nisimpe sifa mwenye elimu kuliko anavyostahili. Kila mwanamke wa kijiji chetu alijua moshi unawasha macho. Wote walipikia mavi ya ng'ombe, wote walitoka jikoni wakilia. Maarifa hayo hayakukosekana hata siku moja, na wanawake waliendelea kuuawa. Kilichokosekana ni sakafu: kitu kinachosema kwamba hata kama mnamtuhumu kwa lolote, hata kama mnamwogopa, chini ya hapa hamshuki, kwa kuwa huyu ni mwana wa Adamu.

Sakafu hiyo dini zetu zinayo. Mwislamu anafundishwa kwamba Mwenyezi Mungu amewatukuza wana wa Adamu, na hakubagua kati yao. Mkristo anafundishwa kwamba mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu. Azimio la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948 ni jaribio la kuijenga sakafu hiyo kwa saruji ambayo watu wa dini zote, na wasio na dini, wangeweza kukanyaga. Katika kuliandika, Mchina P. C. Chang alileta mezani wazo la Confucius linaloitwa ren, ambalo kwa maandishi ya Kichina huchorwa kwa alama ya mtu pamoja na alama ya mbili. Mtu na mbili. Mwenye kusema mtu ni watu angemwelewa bila mkalimani.

Na Katiba yetu inayo. Ibara ya 12 iliingia pamoja na Hati ya Haki katika marekebisho ya mwaka 1984, nami hupenda kuirudia kwa ajili ya maneno yake mawili. Fungu la kwanza linasema juu ya binadamu: wamezaliwa huru na sawa. Fungu la pili linasema juu ya utu wa kila mtu: unastahili kutambuliwa na kuthaminiwa. Walioandika waliweka ubinadamu kwanza na utu juu yake, kama mtu anayemwaga msingi kabla ya kupandisha ukuta.

Baba wa Taifa, Mwalimu Nyerere, aliliona jambo hili mapema. Katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962 aliueleza ujamaa kuwa ni udugu, kisha akasisitiza kwamba udugu huo usiishie kwenye ukoo, wala kabila, wala taifa, bali ufike kwa jamii yote ya wanadamu. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, jirani yake Kenneth Kaunda alitoa kitabu kilichoifanya falsafa ya utu kuwa itikadi ya Zambia. Hii nayo ni aina yake: utu unaofanywa sera. Ilileta shule na zahanati mahali ambapo hapakuwapo kitu. Kwetu ilileta pia operesheni za kuhamishia watu vijijini katika miaka ya 1970, na wapo waliohamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikabomolewa, kwa jina la udugu. Mtu akipendwa kwa jumla, yeye mmojammoja anaweza asionekane.

Lakini kazi ya Nyerere ninayoirudia zaidi nikifikiri juu ya kanda yetu ni tafsiri. Mwaka 1969 alichapisha Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare. Humo mkopeshaji Shylock ana hati inayomruhusu kukata ratli ya nyama ya mwili wa mdaiwa wake. Shylock mwenyewe ni mtu aliyetemewa mate kwa sababu ya asili yake, na kuna mahali anawakumbusha wanaomdharau kuwa mwili wake una hisia zilezile walizonazo. Yeye aliyenyimwa utu anadai nyama ya mtu. Sijui kama Mwalimu alipokuwa akiyatafutia Kiswahili maneno ya hati ile alidhani kwamba siku moja, katika nchi yake, nyama ya mtu ingepangiwa bei kwelikweli.

Ilipangiwa. Kuanzia mwaka 2007 hivi, mauaji ya watu wenye ualbino yalitikisa kanda yetu. Tanzania ina watu wenye hali hii kwa wingi kuliko nchi nyingi. Hukadiriwa kuwa mmoja kati ya kila watu 1,400. Ni upungufu wa rangi ambao mtoto huurithi pale wazazi wote wawili wanapobeba kinasaba chake, hata kama wao ni weusi. Waganga wapiga ramli walieneza uongo kwamba kiungo cha mtu huyu kinavuta dhahabu kwenye duara la mgodi na samaki kwenye nyavu. Kati ya mwaka 2000 na 2015 waliuawa zaidi ya watu 70. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto wa Bukombe, hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Watoto walikusanywa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, ili waishi, na wengine waliishi huko miaka bila kuwaona mama zao. Na tusijidanganye kwamba yamepita: mwaka 2024 taifa lililia tena kwa ajili ya mtoto mdogo wa Kagera.

Tazama neno lililotangulia panga. Tuliwaita zeruzeru. Neno hilo halina mtu ndani yake. Vivyo hivyo mchawi, vivyo hivyo mwizi anayevishwa tairi, vivyo hivyo mvamizi, jina wanaloitwa vijana wanaoingia usiku kwenye eneo la mgodi wa Mwadui kuokota mchanga wa almasi. Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71 juu ya vifo, majeraha na mateso katika mgodi huo, pasipo kukiri dhima. Waliodai waliingia mahakamani wakiwa watu wenye majina. Leo tunasema mtu mwenye ualbino. Wapo wanaoona ni urefu wa maneno bure. Mimi naona ni maneno yanayofanya kazi kubwa: kabla ya kutaja rangi ya ngozi, ulimi unalazimika kupita kwenye mtu.

Hasira nayo ni mtihani. Januari 2009, damu ikiwa bado mbichi, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema hadharani kwamba anayekutwa akimuua mtu mwenye ualbino naye auawe. Maneno hayo yalizua mjadala mkali bungeni, na alipokuwa akijieleza alilia mbele ya wabunge. Sijawahi kumcheka. Nimeyahisi aliyoyahisi. Mimi mwenyewe, nikifikiri juu ya watu walioingia kwa bibi za wenzangu na mapanga, husikia kinywani mwangu kauli ileile: wale si watu. Hapo hujishika. Nikishaisema tu, nimechukua silaha yao. Muuaji apelekwe mahakamani, afungwe, ajibu. Lakini ajibu akiwa binadamu, kwa sababu ni binadamu tu anayeweza kudaiwa jibu.

Je, kanda hii ya mashimo imetoa panga tu? Oktoba 2015, katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, duara liliporomoka likawafukia wachimbaji sita. Juu walililiwa, wakahesabiwa marehemu. Chini waligawana giza. Walikunywa maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye mwamba, wakala mizizi, mende na vyura. Mmoja wao alifariki. Baada ya siku 41 wachimbaji wenzao walisikia sauti, wakafukua, wakawatoa watano wakiwa hai. Januari 2017, mkoani Geita, mgodi mwingine uliwanasa watu 15, Watanzania 14 na Mchina mmoja, na wote wakatolewa salama baada ya siku kadhaa. Aliyekuwa akifukua Nyangalata hakuuliza kwanza kama sauti ile ni ya mwema au ya mwovu, mwenye leseni au mvamizi, mcha Mungu au mlevi. Ilikuwa sauti ya mtu. Ubinadamu wa aliyenaswa ulitosha kuwa sababu, na utu ulikuwa kazi ya mwenye sururu.

Hapo ndipo maneno yetu mawili yamekuja kukaa sawa kichwani mwangu. Ubinadamu ni wa kumtazamia mwenzangu: nikimtazama nimwone mwana wa Adamu, basi, pasipo mizani. Utu ni wa kujitazamia mimi. Ni mizani, naam, tena kali kuliko ya dalali wa Maganzo, lakini sahani yake ina nafasi ya mtu mmoja, naye ni aliyeishika. Tulikosea tulipoigeuza. Tulichukua mizani ya kujipimia tukawapimia majirani. Na ule msamaha wa bure wa wana wa Adamu, ambao tulitakiwa kuwapa wengine, tukajipa wenyewe.

Kwa hiyo nami nijipime. Darasani kwetu palikuwa na mvulana mwenye ualbino. Alikaa dawati la mbele, na bado alilazimika kusimama karibu na ubao ili asome. Nje ya darasa palikuwa na mtungi wa maji wenye kata moja ya kibuyu. Yeye akishakunywa, aliyefuata alisuuza kata kwanza. Hakuna mwalimu aliyetufundisha hivyo. Nami nilisuuza, kila siku, kwa miaka yote tuliyosoma pamoja, tena bila chuki yoyote. Nilidhani ndivyo inavyofanywa. Sikuua mtu. Lakini naijua njia inayoanzia kwenye kata ile, nami nilitembea hatua zake za mwanzo.

Siku moja kiangazi tulitoka shule pamoja, jua likiwa kali, midomo yake imepasuka. Tukapita kwa bibi. Alitusalimu, "Mwadila, bana bane," akamtazama rafiki yangu kwa macho yake mekundu bila kushusha kanga. Akaingia ndani, akamletea maji katika kata yake mwenyewe. Mvulana akanywa, akabakiza kidogo, akaishika kata kwa mikono miwili akitazama mahali pa kumwaga, kama alivyozoea. Bibi akaipokea. Maji yaliyobaki akayanywa yeye.